Macho ya Kongwa yametazamwa, masikio bado

Mtoto wa Mlali, wilayani Kongwa, akiamka na tongotongo na macho mekundu, hakuna anayeuliza ni nini. Bibi atasema ni vikope. Mwalimu atasema ni trakoma. Mhudumu wa afya atamketisha penye mwanga, atamwambia atazame chini, kisha ataligeuza kope la juu kwa ncha ya kidole na kuangalia utando laini wa ndani. Anatafuta vipele vyeupe. Vikiwa vitano au zaidi, kila kimoja na upana wa nusu milimita angalau, mtoto huyo ana trakoma hai. Kipimo hicho kilitangazwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1987. Hakihitaji umeme wala maabara. Kinahitaji jicho lililofundishwa na dakika moja ya utulivu.

Mtoto huyohuyo akianza kutoa usaha sikioni, habari inakuwa nyingine. Wapo watakaosema ni sikio tu, akikua litakauka lenyewe. Wapo watakaopasha mafuta ya alizeti na kumdondoshea. Baba akienda mnadani atapita duka la dawa, muuzaji atamuuliza, "La kulia au la kushoto?" na atarudi na kichupa cha matone. Matone yatatiwa siku tatu, usaha utapungua, kichupa kitawekwa juu ya kabati. Yakija mafua mengine, mto wa mtoto utalowa tena na harufu itarudi. Miaka itapita hivyo, na mtoto ataketi nyuma darasani akionekana mzito wa kuelewa, kumbe hasikii.

Nayaandika magonjwa haya mawili pamoja kwa sababu yana siri moja. Katika yote mawili, bakteria wamejifunza kuishi ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe, mahali ambapo kinga ya mwili na dawa nyingi haziwafikii vizuri. Kwa upande wa macho, Wilaya ya Kongwa, yenye kata ya Mlali, imechunguzwa tangu miaka ya 1980, na yaliyogunduliwa hapa yanasomwa na madaktari wa macho duniani kote. Kwa upande wa masikio tumeachiwa kichupa cha dukani. Naona jambo hili si la haki, na naona pia kwamba yale tuliyojifunza kwenye macho yanaweza kutuokoa kwenye masikio, kama tutayatumia.

Ndani ya seli

Bakteria wa trakoma anaitwa klamidia. Nje ya seli ni punje yenye kipenyo cha sehemu tatu za kumi za mikroni, na mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Punje hiyo ni ngumu, haigawanyiki, inasubiri. Ikishikwa na kidole cha mtoto, ncha ya kanga au miguu ya nzi, ikafikishwa kwenye utando wa kope, hujibandika juu ya seli na kupenyeza protini zake ndani. Protini hizo huifanya seli iimeze punje kwa hiari yake.

Kwa kawaida kitu kilichomezwa na seli hufungiwa kwenye kifuko, na kifuko hicho huungana na vifuko vingine viitwavyo lisosomu, vilivyojaa vimeng'enya vya kusaga. Huko ndiko bakteria wengi huishia. Klamidia hafiki huko. Mapema kabisa hubadilisha ganda la kifuko alichofungiwa, akatia protini zake humo, na lisosomu zikapita pembeni bila kuungana nacho. Kifuko husogezwa hadi karibu na kiini cha seli, na kutoka hapo klamidia huanza kunyonya: huchukua mafuta ambayo seli ilikuwa inayasafirisha kwa ajili ya utando wake yenyewe, huchukua nguvu, huchukua amino asidi. Punje hugeuka kuwa umbo kubwa zaidi, lenye upana wa mikroni moja hivi, linalogawanyika tena na tena. Baada ya siku mbili hadi tatu, kifuko kimejaa mamia ya punje mpya. Seli hupasuka, punje hutoka, na seli jirani zinashambuliwa.

Vifuko hivi ndivyo walivyoviona Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek mwaka 1907 huko Java, walipoyatazama kwa hadubini makwaruzo ya kope za wagonjwa. Ilichukua nusu karne kabla ya Tang Feifan wa Beijing kufanikiwa kumkuza bakteria mwenyewe ndani ya mayai ya kuku, kazi iliyotangazwa mwaka 1957. Tang alijitia kijidudu hicho katika jicho lake ili athibitishe kwamba ndicho chenyewe. Sababu ya kuchelewa kote huko ni ileile ninayoieleza: huwezi kumkuza klamidia kwenye sahani ya kawaida ya maabara. Bila seli hai hakuna klamidia.

Mwili haukai kimya. Seli za kinga hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, na kemikali hiyo huiamuru seli iliyovamiwa iharibu akiba yake ya triptofani, amino asidi ambayo bakteria anaihitaji ili ajenge protini. Ni mkakati wa kumnyima chakula aliye ndani. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha jambo la kushangaza: aina za klamidia zinazoshambulia sehemu za siri bado zina uwezo wa kujitengenezea triptofani, lakini aina za macho zimeupoteza. Zinategemea seli kabisa. Mtu angedhani basi kwamba klamidia wa jicho akinyimwa hufa mara moja. Maabara inaonyesha vingine. Huacha kugawanyika, huvimba na kuwa na umbo lisilo la kawaida, hutulia. Triptofani ikirudi, huanza upya.

Mzazi wa kawaida hana haja ya kukariri majina haya. Ila ni vizuri ajue kwamba ukimya wa ugonjwa si lazima uwe kupona.

Kongwa ilivyofundisha dunia

Kongwa ni nchi kame. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa ili walime karanga za kulisha Uingereza. Udongo mgumu na mvua za kubahatisha viliwashinda, na mwaka 1951 mpango mzima ulifutwa. Waliobaki ni wenyeji, Wagogo na majirani zao, ambao tangu zamani wanajua kuishi na maji kidogo, ng'ombe wengi na nzi wanaofuatana na ng'ombe. Mazingira hayohayo ndiyo yaliyoifanya trakoma ikite mizizi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West, pamoja na wenzao wa Tanzania, walipoanza kazi hapa, swali lao la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: kwa nini mtoto huyu ana trakoma na yule wa jirani hana? Jibu lililojirudia lilikuwa uso. Mtoto mwenye makamasi na tongotongo na nzi usoni alikuwa hatarini zaidi. Lakini ukiwaambia akina mama wawanawishe watoto, walijibu kwamba maji hayatoshi. Dumu moja limetoka mbali korongoni na ni la kupikia. Walikuwa wanasema kweli kuhusu umbali. Kuhusu kiasi, watafiti walikaa nao na kupima pamoja, na ikaonekana kwamba maji yanayohitajika kunawisha uso wa mtoto ni machache mno kuliko kila mmoja alivyodhani. Ripoti ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990 na mpaka leo naiona kuwa mfano bora wa elimu ya afya: hawakumlaumu mtu, walipima mbele yake.

Mwaka 1995 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi. Vijiji sita vya Kongwa vilipewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Vitatu kati yake vikaongezewa kampeni kali ya kunawisha uso. Watoto 1,417 wa umri wa mwaka 1 hadi 7 walifuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, wale ambao nyuso zao zilikutwa safi mara kwa mara walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na trakoma kali, pungufu kwa karibu theluthi mbili.

Tetrasaiklini yenyewe ilikuwa mtihani. Inapakwa machoni mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Mama mwenye watoto wanne, shamba la mtama na safari ya maji kila asubuhi, atawezaje kuwashika watoto wote wanne mara mbili kila siku kwa siku arobaini na mbili huku wakilia kwamba inawasha? Wengi waliacha njiani, na bakteria aliyejificha ndani ya seli alikuwa na muda wote wa kusubiri.

Kilichobadilisha mambo ni azithromaisini. Dawa hii humezwa mara moja tu. Ubora wake hauishii kwenye urahisi. Inapenda kuingia ndani ya seli: hujikusanya humo kwa wingi kuliko ilivyo kwenye damu na hubaki kwa siku kadhaa, yaani inamkuta klamidia chumbani kwake na kumaliza naye mzunguko mzima wa kuzaliana. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure kupitia Mpango wa Kimataifa wa Trakoma, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea, ikaanza kuigawa mwaka 1999. Ndiyo ile kingatiba ambayo wagawa dawa wa vijiji huja nayo wakiwa na fimbo ya kupimia urefu, kwa kuwa urefu wa mtoto unatosha kujulisha idadi ya vidonge au kiasi cha dawa ya maji. Watoto wachanga chini ya miezi sita hubaki na tetrasaiklini.

Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Kahe Mpya, wilayani Rombo, Kilimanjaro, karibu kijiji kizima kilimeza dawa mwaka 2000. Maambukizi yalikuwa kwa watu 9.5 katika kila 100. Baada ya miaka miwili yalikuwa yameshuka hadi mtu mmoja katika kila 1,000. Maindi, hapahapa Kongwa, hali ilikuwa nzito zaidi. Watu 57 kati ya kila 100 walikuwa na klamidia kabla ya dawa. Asilimia 86 walimeza, na miezi miwili baadaye maambukizi yalikuwa yamebaki asilimia 12. Kushuka huko ni kukubwa sana. Lakini kufikia mwaka mmoja dalili za maambukizi mapya zilikuwa zimeanza kuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na ndiyo yaliyowafanya wataalamu wakubali kwamba mahali palipoathirika kama Kongwa, dozi moja ya kijiji haitoshi. Lazima irudiwe mwaka hadi mwaka.

Walijaribu pia kuua nzi. Baadhi ya mitaa ya Kongwa ilipuliziwa dawa kwa bidii baada ya kingatiba, mingine haikupuliziwa, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba upuliziaji haukuongeza faida yoyote ya kuonekana. Wengi waliamini kuwa nzi ndiye adui mkuu. Ni mbebaji, ndiyo, lakini mtoto mmoja anamwambukiza mwenzake kitandani bila kumhitaji nzi.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba kazi hii ina mwisho. Oman, ambako ndugu zetu wengi wanazungumza Kiswahili majumbani mwao, ilikuwa ya kwanza kuthibitishwa na WHO kuwa imeondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012. Malawi ilithibitishwa mwaka 2022. Burundi ilipata cheti chake mwaka 2025. Kwetu ramani imepungua sana, ingawa maeneo ya wafugaji kama Ngorongoro na Longido yameendelea kusumbua.

Sikio linalorudi

Sasa tuhamie sikioni. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kimeunganishwa na koo kwa mrija. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo mafua yakimshika, bakteria wa puani hupanda kwa urahisi. Chumba hujaa usaha, mtoto analia usiku kucha, kisha ngoma inatoboka na usaha unatoka nje. Maumivu yanakoma hapo. Wazazi wengi hupumua wakidhani ugonjwa umekwisha, kumbe tundu limefunguka na sasa kuna njia ya kuingilia kutoka nje. Maji ya lambo na vumbi huingia, na pamoja navyo wanaingia wapangaji wapya, hasa sudomonasi, bakteria anayeishi kwenye maji na udongo. Yeye na stafilokokasi wa ngozi ndio wanaotajwa mara nyingi hospitali zinapootesha usaha wa masikio sugu. Usaha ukidumu wiki mbili au zaidi kupitia tundu la ngoma, WHO huuita ugonjwa sugu wa sikio.

Ni ugonjwa wa mashambani kuliko wa mjini. Utafiti wa Minja na Machemba uliochapishwa mwaka 1996, uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi za Dar es Salaam, ulikuta asilimia 9.4 ya watoto wa maeneo ya vijijini wana usaha sugu, dhidi ya asilimia 1.3 mjini. Ukiwa na darasa la vijijini la watoto mia, tisa wanatoa usaha. Mwaka 2004 WHO ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wana masikio yanayovuja, na zaidi ya nusu yao wamepungukiwa usikivu. Usaha ukipenya mfupa wa nyuma ya sikio huweza kufika kwenye utando wa ubongo, na hapo si suala la usikivu tena, ni la uhai.

Kwa nini basi hauponi kwa matone ya siku tatu? Sehemu moja ya jibu inajulikana siku nyingi: bakteria hujikusanya na kujifunika kwa ute mzito unaozuia dawa. Sehemu ya pili ni mpya zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Perth, Australia, walichunguza utando wa chumba cha sikio cha watoto wenye maji ya muda mrefu ndani ya sikio, wakawaona bakteria wakiwa ndani ya seli za utando wenyewe. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, likaonyesha kwamba sudomonasi waliotoka kwenye masikio ya wagonjwa huweza kuingia ndani ya makrofeji, wakaishi humo na kuongezeka.

Tafadhali msomaji ukae kidogo na hilo la makrofeji. Hizi ndizo seli ambazo mwili hutuma kwenye uchafu ili zimeze bakteria na kuwasaga. Bakteria anayeishi ndani yake ni mwizi aliyehamia kwenye kibanda cha mlinzi: mwenye nyumba anaendelea kumlisha mlinzi na kuongeza wengine, na kila anayeongezwa ni kibanda kingine cha kujificha. Ndiyo maana sikio sugu linakuwa na usaha mwingi, ambao kwa sehemu kubwa ni seli za kinga zilizokufa zikipigana, na bado vita haviishi.

Kuna jambo la maabara ambalo kila muuza dawa angepaswa kulijua. Mtafiti akitaka kuhesabu bakteria walioingia ndani ya seli, kwanza huzimwagia seli hizo dawa iitwayo jentamaisini. Anaichagua kwa sababu haipenyi vizuri ndani ya seli. Inaua wote walioko nje na kuwaacha walioko ndani. Kisha anaiosha, anazipasua seli na kuhesabu walionusurika. Yaani kwa miaka mingi sayansi imeitumia jentamaisini kama chujio la kuwabakiza waliojificha. Na jentamaisini hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye vichupa vingi vya matone vinavyouzwa madukani kwetu. Matone yana dawa nyingi, na ni kweli yanapunguza bakteria wa nje. Usaha unakauka kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo. Lakini walioko ndani wanabaki, na juu ya hayo jentamaisini inaweza kudhuru sikio la ndani ikipita kwenye tundu la ngoma. Mtoto anaweza kupoteza usikivu kwa ugonjwa na kwa dawa kwa pamoja.

Dawa inayopendekezwa kwa sasa kwa sikio sugu ni matone ya kundi la kwinoloni, mfano siprofloksasini, ambayo hupenya ndani ya seli na haina sumu hiyo kwa masikio. Ushahidi wake mzuri umetoka kwa jirani. Kisumu, Kenya, zaidi ya watoto 400 wa shule walipewa ama siprofloksasini ama matone ya asidi ya boriki. Baada ya wiki mbili usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 59 ya waliopata siprofloksasini, na asilimia 32 ya wale wengine. Hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Miaka tisa nyuma, mwaka 1996, jaribio la Kiambu lilikuwa limefunga mjadala mwingine. Watoto waliokaushwa masikio tu walipona kwa asilimia 22, sawasawa na wale ambao hawakufanyiwa chochote. Waliokaushwa na kupewa dawa walipona kwa asilimia 51. Kukausha bila dawa hakutoshi. Dawa bila kukausha haifiki, maana inaelea juu ya usaha.

Hata hivyo, ona kwamba katika majaribio yote mawili, chini ya uangalizi mzuri, watoto wengi bado hawakupona. Hao ndio wanaohitaji daktari wa masikio, pua na koo, na hospitali yenye uwezo wa kusafisha na kuziba tundu. Kwa mtu wa Mlali hiyo ina maana ya safari ya kwenda Dodoma mjini, nauli, na siku za shamba zinazopotea.

Kuna tahadhari nyingine, na imetoka Kongwa yenyewe. Azithromaisini iliyotusaidia machoni haimgusi klamidia peke yake. Inapita mwili mzima, na inakutana na nimokokasi, bakteria wa nimonia anayekaa puani mwa watoto na ambaye pia ni chanzo kikubwa cha maambukizi ya sikio. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya Kongwa: miezi sita baada ya kingatiba, watoto wa vijiji vilivyopewa dawa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nimokokasi sugu kwa azithromaisini. Sitaki mtu asome hili akaikataa kingatiba. Upofu unaoletwa na trakoma ni mbaya, na dawa hii imeokoa macho ya maelfu. Ila inaonyesha kwamba hatuwezi kuendelea kumwaga dawa mwaka hadi mwaka bila maji, bila vyoo, bila nyuso safi, kana kwamba kidonge kitafanya kazi ya bomba. Inaonyesha pia thamani ya chanjo ya nimokokasi ambayo watoto wa Tanzania wanaipata tangu mwanzoni mwa mwaka 2013, katika wiki ya 6, 10 na 14. Mtoto aliyekosa dozi hizo apelekwe.

Kinachoniuma ni kwamba karibu kila kitu kinachohitajika kipo. Mgawa dawa anayefika kaya kwa kaya na fimbo yake angeweza, kwa muda uleule, kuuliza kama kuna mtoto anayetoa usaha sikioni na kumwandikia rufaa. Mhudumu aliyefundishwa kugeuza kope anaweza kufundishwa kutumia kifaa cha kuangalizia sikio. Si kigumu zaidi. Kibuyu chirizi cha kunawia kilichowekwa mlangoni mwa choo cha shule kwa ajili ya trakoma kinapunguza pia mafua yanayoanzisha masikio. Matone ya siprofloksasini si dawa ya anasa, na hayapaswi kukosekana kwenye zahanati ya kijiji wakati jentamaisini imejaa dukani. Halmashauri ya Kongwa, ambayo imewapokea watafiti wa macho kwa miongo minne, ina haki ya kuitaka Wizara ya Afya na wafadhili wawatazame watoto hawa masikio pia. Isingoje kuombwa.

Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto anayetoa usaha sikioni nyumbani, fanya hivi. Usaha ukitoka, usinunue matone kabla sikio halijaangaliwa. Mpeleke zahanati na useme umeanza lini. Usitie mafuta, tumbaku wala maji ya vitunguu. Anapooga, ziba mlango wa sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, na asiogelee lamboni. Ukipewa matone, kwanza kausha: chukua kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe na ncha laini, kiingize taratibu hadi kilowe, kitoe, weka kingine, hadi kitoke kikavu. Usitumie kijiti wala njiti ya kiberiti. Kisha mlaze upande, dondosha matone na mwache alale hivyo dakika chache. Mara tatu kwa siku, siku 14 kamili, hata kama usaha umekoma siku ya nne. Zikiisha siku hizo na sikio bado linavuja, au akipata uvimbe nyuma ya sikio, homa kali au shingo ngumu, usirudi dukani. Omba rufaa ya hospitali siku hiyohiyo.